Vikipasuka, Niite

Mwanangu Sechelela,

Mbukwa, mama. Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na kusukwa kwa Neema ni shughuli ya mpaka jua lizame, maana yule mkono mmoja unasuka, mwingine unaeleza habari za watu. Basi nimeona hapa ndo nafasi yangu. Nimekaa nje kwenye kigoda, nimeegemea ule mtungi mkubwa usiotaka kukauka. Baba yako yuko ndani anafunga begi lako kwa kamba, utadhani kaweka ng'ombe humo anaogopa atatoroka. Kesho treni, kesho kutwa ndege, halafu ndo huko Japani ambako mimi nakujua kwenye kalenda tu, mlima una theluji juu kama umemwagiwa unga.

Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha darasa la nne, na mistari yangu unaijua, inapanda na kushuka. Lakini kwenye simu ukiniona nalia utalia, na wewe ukilia mimi nasahau nilichotaka kusema. Karatasi hailii.

Mambo ya sweta, dawa, pasipoti iko mfuko gani, hayo baba yako ameshakwambia, na stesheni atakwambia tena, na wewe utaitikia "ndiyo baba" kama hujawahi kuyasikia. Mimi sina hayo. Mimi nina jambo moja tu, ila unanijua, mpaka nilifikie lazima nipite kwa majirani kwanza.

Nianzie kwenye ile simu. Si ya kitochi, ile ya kioo aliyoninunulia baba yako mwaka zabibu zilipokubali. Ilidumbukia kwenye ndoo ya udongo wa maji, nikaitoa, nikaifuta na kanga, nikasema hii nayo ni kama chungu, ikikauka itapona. Nikaiweka pembeni ya jiko. Mwenzangu! Ikavimba kama andazi, ikafuka moshi, halafu ikatoa moto wa kupiga mluzi. Yayagwe! Nikairusha kwa mwiko, ikaangukia kwenye kuku wa mama Yusta. Jirani yetu huyu mpaka leo anasema jogoo wake aliacha kuwika siku ile. Mwongo. Jogoo yule alikuwa mzee, sauti ilishamwisha zamani.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Watu wote wanacheka, wewe umechukua kijiti unachokonoa yale mabaki. Ukaniuliza, "Mama, ndani kulikuwa na nini kilichoungua?" Nikakujibu, umeme. Ukasema, "Umeme hauna harufu hii." Nikajua huyu mtoto hatanifinyangia vyungu.

Ukaenda chuo, ukarudi ukanieleza vizuri. Kwamba ndani ya betri kuna majimaji, na yale majimaji ndo njia, hiyo lithiamu inapita humo kwenda upande huu ukichaji na kurudi upande ule ukitumia, kama watu wa mnadani, asubuhi wote huku, jioni wote kule. Na majimaji yenyewe yanashika moto kama petroli. Sasa ninyi mnataka kuyatoa yale majimaji, mahali pake muweke kigae. Kigae kikavu kilichochomwa, kisichoungua, na lithiamu ipite humo humo ndani ya kigae.

Nikakuuliza, "Inapita kwenye kigae kizima? Kisicho na tundu?"

"Ndiyo mama. Kikiwa na tundu ndo balaa."

Nikapiga kigelegele. Mimi maisha yangu yote nafinyanga, na chungu kizuri ni kile kisichopitisha kitu. Wewe unatafuta chungu cha kupitisha kitu kimoja na kuzuia vingine vyote. Ni sawa na kuniambia mimi nipitishe habari moja tu kwa siku! Nikakushauri palepale, kwamba ili kisipasuke usage vigae vya zamani uchanganye na udongo mpya, ndivyo tunavyofanya sisi. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Mama, cha kwangu nikikitia punje kubwa zinaacha nafasi, na kwenye hiyo nafasi ndo lithiamu inaota vijiuzi." Ukanieleza na hivyo vijiuzi, kwamba ni kama mizizi ya mwarobaini kwenye msingi wa nyumba, haihangaiki kuvunja ukuta, inatafuta pale penye ufa, inapenya kati ya punje na punje mpaka itokee upande wa pili. Ikitokea tu, betri imekwisha. Hapo nikakuelewa kabisa. Mimi na mama Yusta tunapitaga hapo hapo.

Basi, nikatangaza. Ulitegemea nini? Mtoto wa mfinyanzi anakwenda Japani kufinyanga kigae cha betri, nikae nalo moyoni? Nikamwambia mama Yusta. Nikawaambia wanakwaya. Nikaenda mjini kununua taa, nikamwambia mama Jayesh wa duka la sola, naye akasema, "Mama Seche, hiyo betri ikitoka mimi wa kwanza kuiuza, usimpe mtu mwingine." Na unajua habari ikitoka mdomoni mwangu inatoka na nguo moja, ikifika kona ya pili imeshavaa suti. Nilisema unakwenda kujifunza. Kufika kanisani umeshatengeneza. Na mimi nikaisikia hiyo ya suti, nikaipenda, nikaanza kuisema hivyo hivyo. Watoto wa mtaani wakaanza kukuita Betri. Mimi nacheka, najiona mama wa maana.

Mpaka ile Jumamosi ulipokuja na kile kiberiti.

Shikamoo yako ilikuwa ya midomo tu, nikaisikia. Chakula hukutaka, na mlenda ulikuwa wa karanga, nikajua kuna msiba. Ukatoa kiberiti kwenye mkoba ukakifungua mezani. Ndani vidonge vyeupe, vyembamba, ukubwa wa sarafu, na vyote vimepasuka. Kimoja vipande viwili, kingine kimekuwa kama ganda la yai lililokanyagwa. Kimoja tu kizima, kinang'aa.

"Vyote?" nikakuuliza.

"Vyote mama. Na huyu mzima ndo mnafiki kuliko wote. Nilimsugua akang'aa, nikamuweka kwenye betri, hata siku haikuisha, vijiuzi vimepita."

"Wa Japani wanajua?"

"Wanajua. Na vyao vinapasuka. Wanasema njoo tupasue wote."

"Sasa neno liko wapi?"

Ukaniangalia. Mwanangu, macho yale sitayasahau. Ukasema, "Neno liko hapa Mkonze. Nimeshuka stendi, yule kijana wa boda ananiambia, Betri, ile isiyolipuka iko wapi tuione. Mama, umewaambia watu nimeshaweza. Na mimi sijaweza, na huenda nisiweze, wapo watu wana miaka na miaka kwenye jambo hili. Nikishindwa nitarudi vipi hapa? Si bora nibaki huko huko."

Si bora nibaki huko huko. Ulisema taratibu, wala hukunigombeza. Ungenigombeza ningekujibu, tungemaliza.

Nilinyamaza. Siku ile nikanyamaza, na kesho yake nikanyamaza. Baba yako akaja jikoni akanitazama, akasema, "Mama Seche, nikuletee bodaboda uende zahanati?" Yeye ambaye kwa wiki anasema maneno ya kujaza kijiko! Nikamwambia niache, nafikiri. Akasema, "Ndo maana nauliza."

Nilikuwa namfikiria bibi yako wa Haneti. Wewe ulimkuta mzee, hukumkuta kwenye moto wake. Mama yangu alikuwa anachoma baada ya mavuno, mabua yakiwa mengi, anapanga vyungu, anavifunika kwa kuni na samadi na mabua, anawasha kwa upande wa upepo. Moto ukizima watu hawaji. Ni mwiko kumchungulia mfinyanzi anapofukua majivu. Lakini akikuta vimepasuka, mwenyewe anasimama, anaweka mkono mdomoni, anaita: "Vigaee! Njooni vigaee!" Lazima aite mwenyewe, na lazima aite akiwa anacheka, hata kama cheko lenyewe la kulazimisha. Hapo ndo wanakuja, wanawake wote. Huyu anachukua kigae cha kuombea moto kwa jirani, yule cha kunyweshea kuku, mwingine cha kukaangia karanga. Vinavyobaki vinasagwa, vinaingia kwenye udongo wa mwaka ujao. Na wakiwa wanachagua wanavigeuzageuza na kukusema, haya, udongo huu ulikuwa mbichi, hapa uliacha jiwe, huu ulikuwa unaufinyanga au ulikuwa unaupiga? Unatukanwa mpaka unasahau kulia.

Mimi nilipoolewa huku Mkonze sikuita. Nilikuwa bibi harusi, mama mkwe alishawatangazia watu mke wa mwanangu mfinyanzi, katoka Haneti huyo. Nikachoma mara ya kwanza, nikavisikia humo ndani vinalia pa, pa, pa, kama bisi. Kilichotoka kizima ni bakuli la chumvi. Nikachimba shimo kule nyuma kwenye zabibu, nikafukia vigae vyote, nikasema mabua yalikuwa mabichi. Nikachoma tena, hivyo hivyo, nikachimba tena. Kiangazi kizima, mwanangu, nachimba. Mashimo yangu yalikuwa mazuri kuliko vyungu.

Siku moja mama mkwe akaenda kupalilia, jembe likagonga, akainua kigae, kisha kingine, kisha ukingo mzima wa mtungi. Akaniita. "Wee mkamwana, umepanda vyungu? Vinaota?" Nikataka ardhi inimeze pamoja na vigae vyangu. Yeye hakunisema. Alisimama pale pale kwenye zabibu, akaweka mkono mdomoni, akaniitia yeye. Wakaja wanawake nisiowajua hata majina. Mmoja, mama mnene wa nyumba ya pili, akageuza kigae mara moja tu akasema, "Si unavianika hapo mlangoni? Upepo wa Mkonze huo. Unakausha upande mmoja, mwingine bado mbichi, vinavutana. Vifunike magunia, uvigeuze." Basi. Nikavifunika magunia, nikavigeuza. Kiangazi kizima nilichimba mashimo kwa sababu ya neno lililokuwa nyumba ya pili, la bure.

Unaona nimefika? Nilikwambia nitapita kwa majirani.

Sasa usikasirike mpaka umalize kusoma. Juzi Jumamosi, ulipokuwa chuo unafuata vyeti, nilichukua kile kiberiti. Ndiyo, nilifungua mkoba wako. Nikaenda kwa mama Yusta, ambako kina mama wa kwaya walikuwa wanachambua mchele wa sherehe yako ya kuagwa. Nikasimama mlangoni, nikaweka mkono mdomoni kama mama yangu. "Vigaee! Njooni vigaee!"

Mama Yusta akainua kichwa. "Umeunguza tena? Mbona moshi sikuuona?"

"Si vyangu. Vya Sechelela."

Nikavimwaga kwenye ungo mtupu, katikati yao. Nikasema, "Hiki ndo kigae cha betri cha mwanangu. Vimepasuka vyote. Hajaweza bado. Ile habari kwamba ameshaweza niliisema mimi, na sikudanganya, nilitangulia tu."

"Alitangulia!" Mama Yusta akapiga makofi. "Jamani, siku hizi uongo unaitwa kutangulia! Na jogoo wangu naye alitangulia?"

Walicheka, mwanangu, mchele ukamwagika. Mke wa mzee wa kanisa, unamjua, hacheki ovyo, akauliza kwa upole, "Sasa kama haviwezi, Japani anakwenda kufanya nini?"

Nikamjibu, "Anakwenda kupasua vingine."

"Eh," akasema. "Basi ni kazi ya kweli."

Halafu wakaanza, kama Haneti. Wakavigeuza. Huyu kapasuka katikati kama mkate uliowahishwa nje. Huyu kapinda. "Upepo huo," mmoja akasema. Nikamwambia hakuna upepo, vinachomwa kwenye tanuri la umeme, tena joto la kuyeyusha sufuria. "Basi ni jicho la mtu." "Jicho lako!" "La kwangu lina ukungu, haliwezi kupasua kitu kidogo hivi." Neema naye, maana alikuwepo, akataka kujua kama kinafaa kwa hereni. Hakuna hata mmoja aliyesema la kukusaidia. Mimi sikuwapelekea wakusaidie. Nilitaka wajue, na wajue kutoka kwangu, wakiwa wanacheka.

Kila mmoja akachukua kipande. Mama Yusta akachukua kikubwa kuliko wote, akasema hiyo ndo fidia ya jogoo, nikamwambia asikiweke kwenye maji ya kuku, maana uliniambia vikipata unyevu vinaota ngozi. Akakifunga kwenye pindo la kanga.

Jana umerudi unacheka. Umeniambia, "Mama, yule wa boda leo ameniambia pole Betri, nasikia vigae vimekusumbua, usijali, hata mimi leseni nilifeli mara ya kwanza. Kajuaje?" Mimi nikajifanya nachochea moto. Ndo hivyo alivyojua. Na hukuona ajabu nyingine, lakini mimi nimeiona, kwamba jana ulikula ugali ukarudia.

Kiberiti nimekirudisha mkobani. Ndani amebaki yule mnafiki anayeng'aa. Wengine usiwatafute, wako Mkonze nzima.

Kuna jambo ulinieleza ambalo mimi nimelala nalo na kuamka nalo. Kwamba mkichoma hicho kidonge hamkiachi peke yake kwenye tanuri, maana moto ule ukikipata peke yake lithiamu inakitoka, inapotea kama mvuke, kinabaki gamba. Kwa hiyo mnakizika kwenye unga. Na si unga wowote, unga wake mwenyewe, ule ule kilichotengenezwa nao. Moto unachukua kwenye unga, kidonge kinabaki na chake. Nilikuuliza, huo unga baadaye unafaa kitu? Ukasema haufai sana, kazi yake ilikuwa ile. Nikafurahi, sijui kwa nini. Nilikwenda kumwambia baba yako, naye akafikiri, akasema, "Basi sisi tuwe huo unga." Maneno ya kujaza kijiko, lakini kijiko cha asali. Ameniambia nisikwambie. Nimekwambia.

Siwezi kukuahidi kwamba nitanyamaza, nisije nikakudanganya siku ya mwisho. Nitasema. Ila nitasema na ya kupasuka, tena nitaanza nayo. Ukisikia huko nakusema, jua kuwa njia ya kurudi nyumbani naifagia. Uje umeweza, uje hujaweza, uje na kiberiti kingine kimejaa. Hapa hakuna anayekungojea na betri. Tunakungojea wewe.

Nakuona unakuja pale kona ya mwarobaini, kichwa kimependeza, Neema safari hii kakaza vizuri. Wacha nikunje. Nitaitia hii katikati ya sweta, baba yako atakapokuwa anakagua kamba.

Kikitoka kizima, piga simu, nitapiga vigelegele mpaka watu wa kule Busi wasikie. Vikipasuka, piga mapema zaidi, hata kama huku ni alfajiri. Useme neno moja tu, vigae, mengine niachie mimi. Mama Yusta ungo ameshautenga.

Mimi mama yako,
Mama Seche wa vyungu
Mkonze